Bendera ya Baba

Mwamuzi wa mstari aliyepangwa siku ile aliamka na homa, na balaa lote lilianzia hapo. Fainali ya mpira wa wavu ya shule za wasichana ilikuwa karibu kuanza, watu wamejaa, wachezaji wanapasha misuli moto, na kona moja ya uwanja haina mtu wa kushika bendera. Mwamuzi mkuu akauliza kama kuna mzazi anayeijua kazi hiyo. Fundi umeme mmoja, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na mkoba wake wa vifaa ukiwa katikati ya miguu, alisukumwa na waliokaa naye mpaka akasimama. Ujanani aliwahi kucheza, tena aliwahi kusomea uamuzi. Alisema wazi kwamba binti yake yumo katika timu mojawapo. Walimu wa timu zote mbili wakatazamana, wakasema haina neno, ni mstari tu.

Binti yake aliitwa Mlingoti. Jina hilo wenzake walimbandika tangu siku za kwanza shuleni, kwa urefu na wembamba wake, na yeye mwenyewe alilipenda. Alikuwa na miaka kumi na sita, na katika timu nzima hakuna aliyejua kuanzisha mpira kama yeye. Akirudi nyuma ya mstari, akaurusha mpira juu na kuufuata mbio, upande wa pili huanza kusogeleana kama kuku walioona mwewe.

Seti ya mwisho ilikwenda bega kwa bega. Wapinzani walikuwa na pointi kumi na nne, wao kumi na tatu, na zamu ya kuanzisha ikamwangukia Mlingoti. Alikwenda nyuma ya mstari, karibu na ile kona aliyosimama baba yake. Hakumtazama. Aliurusha mpira, akakimbia, akaruka, akaupiga. Mpira ulivuka wavu na kutua katikati ya wachezaji wawili, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Watu wakanyanyuka kwa vifijo.

Ndipo filimbi ikalia. Fundi alikuwa anaipunga bendera juu ya kichwa chake, na kwa mkono mwingine anaonyesha mstari wa nyuma. Maana yake ilijulikana kwa kila mtu pale: mpigaji amekanyaga. Pointi ikaenda kwa wapinzani, na kombe likaenda pamoja nayo.

Wasichana walirudi kwenye darasa walilopewa kubadilishia nguo. Viatu vilikuwa vinatupwa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nahodha, msichana mfupi wa maungo, mzito wa sauti, alimkabili Mlingoti akiwa bado na jasho usoni.

"Ulikanyaga?"

"Hapana."

Neno lilitoka lenyewe, kabla hajalipima. Mstari wa uwanja ule haukuwa wa rangi, ulikuwa wa utepe mgumu uliokazwa ardhini kwa misumari, na soli ya kiatu ikiugusa, mguu unajua. Wake ulijua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wenzake wakalidaka haraka kuliko walivyodaka mpira siku nzima. Kumbe hawakushindwa, walidhulumiwa. Mmoja akasema yule mzee haoni. Mwingine akasema anaona vizuri sana, alitaka tu watu wamsifu kwamba hampendelei mwanawe. Wa tatu, mcheshi wa timu, akasema kila mlingoti una bendera yake, na bendera hufuata upepo. Wote wakacheka, na Mlingoti akajikuta anacheka nao. Kufika jioni, katika simu za timu nzima fundi umeme hakuwa tena baba wa mtu. Alikuwa Bendera.

Nyumbani walikaa kula chakula cha jioni. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi kwa dobi mjini, alijaribu kuuliza habari za mchezo, akaona nyuso, akaacha. Mwishowe baba akasema lile ambalo kila mzazi hulisema: ni mchezo tu, na mwakani upo.

Mlingoti aliweka kijiko chini. "Kama ni mchezo tu, si ungeishusha hiyo bendera?"

Baba alisogeza sahani yake pembeni. Akachukua tochi, akatoka nje kukagua mita ya umeme ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Mwalimu wa michezo naye hakulala vizuri. Alikuwa kijana, fainali ile ilikuwa yake ya kwanza, na kila alikopita walimpa pole kwa namna iliyomkera. Jumatatu aliwakusanya wasichana akawaambia amekata rufaa. Mwenyekiti wa mashindano angekuja shuleni Alhamisi mchana. Angemsikiliza mwamuzi wa mstari, na angemsikiliza mpigaji. Mbele ya wote akamuuliza Mlingoti kama yuko tayari kusema mguu wake ulikuwa nyuma ya mstari. Timu nzima ilimgeukia. Nahodha alimshika bega. Mlingoti akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo alipoona jinsi kitu kidogo kinavyoota miguu. Ijumaa ile ya fainali, kosa lilikuwa la upana wa utepe. Sasa lina mwalimu, lina mwenyekiti, lina wazazi wa wenzake wanaopigiana simu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amemwamkia baba yake kwa jina la Bendera mbele ya wateja, na baba akaitika kwa kicheko kifupi, kisha akanunua swichi zisizo sahihi ikambidi arudi kuzibadilisha.

Jumatatu hiyohiyo jioni, baba alimkuta akiosha vyombo. Akasimama pembeni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani moja ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita alipotaka kusema naye kwa upole. "Sitagomba. Nataka kujua tu. Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Nyuma."

Baba akaiangalia ile sahani. "Basi sikuona," akasema, akaiweka juu ya nyingine taratibu.

Laiti angegomba. Mlingoti alilala na maneno yale mawili kifuani. Siku iliyofuata alijiambia kwamba baada ya Alhamisi mambo yatapoa yenyewe. Pengine mwenyekiti atakataa rufaa, na kila mtu atabaki na lake. Alishika wazo hilo kama mtu anayeshika kamba asiyouona mwisho wake.

Jumatano alirudi kutoka mazoezini akamkuta baba nyumbani, wakati siku kama ile hurudi giza limeshaingia. Alikuwa amekaa mezani karibu na dirisha. Mbele yake alikuwa amepanga vipande vya waya: nyeusi, kahawia, buluu, kijani chenye mstari wa njano. Alikuwa anavichanganya, anafumba macho, anafumbua, anachukua kimoja na kukisogeza kwenye mwanga. Mkoba wake wa vifaa ulikuwa umefungwa, umeegeshwa ukutani.

Mlingoti alimwamkia, akauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Njoo hapa." Akanyanyua kipande. "Hii ni nyeusi au ya kahawia?"

"Kahawia."

"Na hii?"

"Nyeusi, baba."

Akavuta pumzi. "Na mimi naona hivyohivyo. Lakini ile siku pia niliona, tena si mbali, pale miguuni pangu. Leo nilikuwa juu ya dari ya zahanati, nimeshika waya, nikajikuta nauliza kama huu kweli ni ule ninaodhani. Nikashuka. Nimewaambia nitarudi kesho kutwa." Alikusanya vile vipande vyote katika kiganja. "Kesho nitamwambia mwenyekiti kwamba huenda nilikosea. Umri huu macho huanza kuchoka, si aibu. Wewe utulie tu, usiwe na wasiwasi."

Mlingoti alitaka kusema. Badala yake akarudi mlangoni. Alisema anakwenda mara moja kumpelekea mama mwavuli, na nje hakukuwa na hata wingu.

Kwa dobi kulikuwa na joto la pasi na harufu ya wanga. Mama yake alisimama nyuma ya meza ndefu, akinyoosha mashuka ya hoteli, pasi ikipiga mvuke kila ikigeuzwa. Alimwona binti yake mlangoni mikono mitupu, akamsogezea kigoda kwa mguu bila kuacha kazi. Mlingoti akaeleza habari za waya, na za dari ya zahanati, na kwamba baba anakwenda kujikana kesho. Yake hakuyasema. Alisema tu kwamba endapo rufaa itavurugika, wote watamchukia.

"Wote nani na nani?" mama akauliza.

"Nahodha. Mwalimu. Timu nzima."

"Na hilo kombe liko wapi sasa?"

"Kwenye kabati la shule yao."

"Linafanya nini humo?"

Mlingoti akafikiri. "Linakaa tu."

Mama akakunja shuka, akaliweka juu ya mengine. "Leo asubuhi nimeunguza shuka la watu. Alama ya pasi, nyeusi, katikati kabisa. Nilikaa nalo nusu saa chini ya meza hii, nikajiona nimefukuzwa, nimerudi nyumbani, tumeshindwa kulipa pango, tumehama. Yote hayo kwa shuka moja. Halafu nikaenda nikamwonyesha mwenye kazi. Akagomba, sikudanganyi, akagomba sawasawa. Kisha akasema nilikate liwe foronya." Alionyesha kwa kidevu foronya mbili mpya kwenye kikapu. "Ndiyo hizo."

Mlingoti aliziangalia.

"Mimi sikuulizi mguu ulikuwa wapi," mama akaendelea, na sasa pasi ilikuwa imesimama. "Sikuwepo, na huko uwanjani mna waamuzi wenu. Ila baba yako anaingia kwenye dari za watu kushika nyaya. Siku fundi akiacha kuyaamini macho yake, mimi sitapata usingizi. Kushindwa mchezo mtalia wiki, mtasahau. Hili jingine ni zito, mwanangu. Usiliweke kwenye mizani moja na kombe."

Akachukua shuka jingine. Mlingoti alimsaidia kushika ncha, wakalikunja pamoja.

Alhamisi, ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa ndogo kwa watu waliokuwemo. Mwenyekiti wa mashindano, mzee mwenye miwani na mkoba wa ngozi, alikaa upande mmoja wa meza pamoja na mkuu. Mwalimu wa michezo alisimama dirishani, anachezesha filimbi mfukoni. Nahodha aliruhusiwa kuwakilisha timu. Wengine walikuwa nje, wamebana masikio kwenye mbao za mlango, na kila mara mlango ulitoa mlio mdogo. Baba alikuja na shati lililopigwa pasi, mikono ameikunja mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kiti cha Mlingoti kilikuwa karibu naye kiasi kwamba magoti yao yaligusana.

Mwenyekiti alieleza kwa ufupi kwamba hapendi rufaa, lakini ikiletwa lazima asikilize. Akamtaka fundi aseme alichokiona.

Baba alisafisha koo. "Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima. Niliinua bendera kwa sababu niliona mguu juu ya utepe. Lakini nimekaa, nimefikiri. Macho yangu haya si yale ya zamani. Inawezekana kabisa kwamba—"

"Nilikanyaga," Mlingoti akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Mwenyekiti akainama mbele, akamtaka arudie. Mlingoti aliona filimbi imeacha kucheza mfukoni mwa mwalimu. Aliona uso wa nahodha. Akaona pia kwamba baba yake hakumgeukia. Alikuwa anaitazama meza.

"Nilikanyaga mstari. Nilihisi chini ya kiatu. Baba aliona sawasawa, na mimi nilijua tangu siku ile."

Huko nje mlango ukatoa mlio. Mlingoti alisubiri dari imwangukie. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akamtazama mwalimu wa michezo. Akasema kwamba kama ni hivyo hakuna shauri la kusikiliza. Kisha akamgeukia mkuu wa shule na kumuuliza kuhusu nguzo za wavu walizoazima mwaka uliopita, kwa kuwa kuna shule nyingine inazitaka. Wakaanza kujadili nguzo. Kilichomnyima binti usingizi tangu fainali kilimalizika kabla chai ya mwenyekiti haijapoa.

Ila si kila mtu alimaliza nacho. Mwalimu alitoka bila kumtazama. Kwenye ujia nahodha alimsubiri, mikono kifuani.

"Nimemwita baba yako Bendera mbele yako," akasema.

"Najua."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Nilikuwa nakutetea, Mlingoti. Nilikuwa nagombana na watu kwa ajili yako." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Mlingoti alijua hayakuwa ya kombe. Alisema samahani. Nahodha hakuipokea wala hakuikataa. Fundi alipotokea mlangoni, yule msichana alimfuata, akainamisha kichwa, akamwomba radhi kwa jina lile. Baba akasema ameitwa mabaya zaidi na wateja waliokatikiwa umeme wakati wa mpira, aende salama. Nahodha alijikuta anatabasamu, akaondoka haraka kabla tabasamu halijaonekana sana.

Baba na binti walitembea kuelekea zahanati, maana fundi alisema hana haja ya kungoja kesho. Njia nzima alikuwa mbele hatua moja. Mlingoti alitamani amgombeze pale barabarani mbele ya watu, iwe imekwisha. Walipofika kwenye uzio wa zahanati ndipo aliposimama.

"Uliniuliza swali siku ile, nikakosa jibu," akasema. "Kwa nini nisingeshusha bendera, kama ni mchezo tu. Nimelitafuta jibu siku zote hizi. Ni kwa sababu ni mchezo tu. Ningekuwa naokoa roho ya mtu, labda ningesema uongo, sijui. Lakini kwa mchezo? Kitu chepesi namna ile kinipotezee ukweli wangu?" Alihamisha mkoba bega la pili. "Mkono ulikuwa mzito, usidhani. Nilikuona unashuka, unacheka, na mimi nimeshainua."

"Nisamehe, baba."

"Kwa kukanyaga hukunikosea. Hata mabingwa hukanyaga. Lile la jikoni, nilipokuuliza, hilo limeniuma, na litaniuma kidogo kidogo mpaka liishe. Nakwambia ili usije ukaniona nimenuna ukafikiri ni habari ya mpira."

Hakusema amemsamehe. Alimpa tochi akamwambia ashike ngazi vizuri. Akapanda, kichwa na mabega vikapotelea darini. Mlingoti alisimama chini akimulika, akimsikia anavyohesabu nyaya kwa sauti ya chini. Kila alipotaja rangi hakuuliza mtu. Baada ya muda taa ya chumba cha sindano ikawaka, na muuguzi aliyekuwa akipita akasema afadhali.

Ijumaa Mlingoti alikwenda mazoezini. Alikuwa amekwishajiandaa kuambiwa arudi. Mwalimu alimwambia, bila kumwita pembeni, kwamba angalipenda kusikia ukweli kabla hajamwalika mwenyekiti, kwa sababu sasa ni yeye anayechekwa na walimu wenzake. Mlingoti akasema ni haki yake kukasirika. Mwalimu akashusha pumzi, akamrushia mpira, akamwambia leo atapiga mipira ya kuanzisha mpaka mkono uombe msamaha wenyewe.

Wawili kati ya wenzake hawakumwitikia salamu. Mcheshi wa timu alijaribu mzaha, ukakosa wa kuucheka, akaacha. Wengine walikuwa tayari wanabishana kuhusu kitu kingine kabisa: jezi mpya, na kama namba zikae mgongoni au kifuani pia. Mlingoti alishangaa. Alidhani hakuna mtu shuleni aliyekuwa na jambo jingine kichwani.

Alipiga mpira wa kwanza ukagonga wavu na kuanguka upande wao. Nahodha aliufuata, akauokota, akaupangusa vumbi kwenye kaptura yake. Kwa kitambo alisimama nao kama anayefikiria kuondoka nao. Kisha akaurudisha, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Piga mwingine," akasema. "Na mimi kwenye seti ya pili niligongesha wavu mara tatu mfululizo, hakuna aliyenikatia rufaa."

Msichana mmoja akacheka puani. Mwingine akauliza kwa sauti kama namba za kifuani hazitakwaruza. Mlingoti akaurusha mpira juu.